Sahani zenye zilibakia

Siku ya kwanza, tarehe 4 mwezi wa sita 2001

Niko na myaka makumi saba na mbili. Nimeshinda Babelgiji. Nimeshinda barebele ba sitini na ine. Nimeshinda yule wa kofia ya chui na makuta yake, pesa za karatasi. Nimezika bibi, nimezika batoto batatu. Hawa ba sasa na bunduki zao, nitabashinda pia. Miye Paluku. Hapa Butembo hakuna mutu alipakia kamyo kunipita, na mwenye anabisha akuje.

Asubui nilichambua maharagi kama siku zote. Kahindo alikuwa ku meza na biki yake ya kuandika. Ni mutoto ya mutoto yangu Kasereka, ule marehemu. Mu nyumba tumebakia yeye na miye. Anasoma mambo ya mashini, enformatiki, mwaka ya mwisho. Alikuwa anasema peke yake: bila pile, programu haitembee. Nikasikia. Nikafungua radio, nikatoa pile zote mbili, zile betri, nikamuwekea ku meza. Mi nikitoa, natoa.

Alicheka mupaka akaikala chini. Eti pile yao hapana ya radio. Ni vitu vyenye unapanga kimoja juu ya kingine, njo Bafaransa banaita pile. Nilikasirika. Luga gani inakosa majina paka inaita vitu viwili jina moja. Radio nimeiacha vile, bila sauti, paka magaribi.

Siku ya tatu, tarehe 6

Leo nimekuwa pile.

Ni hivi. Batu banaandika hesabu na alama katikati. Mbili, jumlisha, tatu, mara, ine. Mashini ni mujinga, haijue alama gani itangulie. Donc alama banazipeleka nyuma ya namba: mbili, tatu, ine, mara, jumlisha. Hapo hakuna fujo tena. Kahindo anapashwa kuandika programu yenye inageuza ile ya batu ikuwe ile ya mashini. Luga yake inaitwa C. Herufi moja tu. Mi najua zote, Bapadri balinifundisha myaka mbili.

Mashini hatuna. Groupe ya kutoa umeme ku masomo yao, basoda ba bunduki balibeba, na kura, ule umeme wa waya, Butembo hakuna. Batoto banaandika programu ku karatasi, banaitembeza na kichwa. Kahindo akachukua sahani zetu za bati, akaandika alama na makala. Nikaikala ku kiti, yeye anasoma. Namba inapita, anaandika. Alama inakuja ku magoti yangu, naweka. Kama mara iko juu na jumlisha inafika, mara inatoka kwanza, juu mara ni mukubwa. Anasema toa, natoa. Ya juu tu. Ya chini hapana shika.

Nilimwambia hii mi najua toka zamani. Mizigo ya kushuka ya kwanza, unapakia ya mwisho. Akasema: ndiyo, sokulu, mais kamyo yako haikuwa na mukubwa na mudogo. Sokulu njo babu mu kinande chetu. Anasema sokulu na heshima yote, kisha anakupiga na mudomo.

Namba zilipoisha, sahani mbili zilibakia ku magoti. Sikungoja aseme. Nilimpa zote, ya juu paka ya chini. Bugali ilikuwa inapoa, na hizo njo sahani zetu za kulia.

Siku ya Mungu, tarehe 10

Kisha misa tuliendelea. Leo parantezi, zile alama mbili za kufungua na kufunga hesabu. Mi naita barieri, kama kamba ya basoda mu njia, juu inafanya vilevile. Ile ya kufungua inaikala mu pile na hakuna mukubwa anaipita. Hata mara anangoja juu yake kama mushenzi. Paka ile ya kufunga ifike. Hapo wote wa juu yake banatoka, na zenyewe mbili zinapotea.

Nilimuuliza: zinapotea kabisa? Kabisa, sokulu. Hesabu ya mashini haina barieri hata moja.

Niliwaza zetu za njia. Toka hapa paka Beni ziko mingi, na kila moja na bakubwa wake.

Masika, jirani yetu, aliingia kuomba chumvi. Akaona muzee na sahani za makala ku magoti, binti anasoma maneno. Akasema: "Tata Paluku, unaloga nani?" Nikasema: "Wewe wa kwanza. Ikala hapo." Alitoka mbio bila chumvi. Kahindo alicheka tena. Nikarudisha sahani zote bila kutumwa, tukakula sombe.

Siku ya ine, tarehe 14

Mubaya.

Profesa wake ni Ilunga, mutu wa Kasai, serikali ilimutuma huku zamani, sasa serikali yenyewe iko fasi ingine na yeye yuko hapa. Alihamia Beni juu kule groupe inatembea. Leo ametuma neno: programu zote zimufikie mbele ya siku ya posho, ile ya sita, ya juma yenye inakuja, mutu na ya kwake. Atazipiga ku mashini. Yenye inatembea, mwenyewe anapata diplome. Mwenye hakufika, anaanza mwaka upya. Na mwaka upya, hapa kwetu, nani anajua kama iko.

Njia haiko muzuri. Banapigana ngambo ya Kalunguta, katikati ya njia ya Beni.

Nilisema hapana. Akasema ataenda. Nilisema hapana ya pili, ya nguvu. Aliosha sahani zote, hakuniangalia. Akasema tu: "Sokulu, weye ulipita vita ngapi na kamyo? Ulibakia nyumba?" Hiyo ni ufundi ya kubaya. Nilimufundisha mimi.

Ana kichwa nguvu. Sijue alitoa wapi.

Siku ya kwanza, tarehe 18

Ameenda na kamyo ya Kakule. Kakule ni dereva muzuri, nilimufundisha kufunga kamba angali kijana. Mi mwenyewe nilisimamia mizigo. Kahindo nilimupanga juu ya mifuko ya maharagi, katikati, hapana ku kando. Batu ba ku kando banaanguka. Programu iko mu kifua chake, ndani ya plastiki.

Alisema wasingya, sokulu. Asante tu. Nilisema: ikala chini.

Nyumba imekuwa kubwa.

Siku ya pili, tarehe 19

Hakuna habari. Maharagi sikuchambua.

Siku ya tatu, tarehe 20

Kakule alikuja na kinga, baiskeli ya mutu, magaribi. Alisimama ku mulango, kofia mukononi, hakuingia. Nikajua.

Balipiga kamyo kisha kupita Kalunguta. Nani, hajue. Batu ba bunduki. Risasi ilipita ndani ya mifuko, ikamupata Kahindo ku tumbo. Kakule hakusimama, alifika naye Beni ku ospitali. Alikuwa anasema bado. Profesa alikuja kumuona, Kahindo akamupa karatasi za programu na mukono yake mwenyewe. Jana mbele ya saa sita alikufa. Balimuzika jana ileile, juu hakuna kamyo ilikubali kurudi na maiti.

Amezikwa Beni. Bila mutu wa kwao hata mumoja.

Namuchukia Kakule juu yuko muzima. Nilimupa maji, mais namuchukia. Namuchukia Mungu pia. Padri akisoma hii, asome. Mu nyumba yangu Mungu anatoa ya juu tu, mwenye alifika mwisho. Ya chini hapana shika.

Siku ya posho, tarehe 23

Beni. Nimefika na miguu yangu na kidogo kinga. Kila mutu alisema muzee hawezi. Muzee ameweza.

Ku barieri moja soda kijana, mutu wa Equateur ku masikio yangu, alisema: "Vieux, ozokende wapi?" Lingala najua. Nikasema naenda kwa mutoto yangu. Akauliza yuko wapi, fungula mufuko. Nikasema: mu udongo. Alitazama basoda benzake. Akashusha kamba. Hakuomba hata mandazi.

Kaburi iko na musalaba ya mbao mupya. Jina yake baliandika na kosa, balitia S mwisho. Nilikwangula S na kisu, kidogo kidogo. Nililala kwa dada ya Kakule.

Siku ya Mungu, tarehe 24

Leo niliona programu yake.

Profesa Ilunga ni mutu mwembamba, miwani imefungwa na waya. Alinishika mukono na mikono mbili, anasema papa, papa, kama miye baba yake. Alinipeleka fasi yenye mashini ziko. Groupe inapiga kelele inje kama kinu. Akasema amepiga yote ku mashini herufi kwa herufi vile Kahindo aliandika, hakupunguza, hakuongeza. Hakuitembeza bado. Alikuwa ananingoja. Sijue nani alimuambia nitakuja. Kahindo, nawaza.

Akatia hesabu: barieri, mbili jumlisha tatu, barieri, mara ine. Hiyo tulifanya mara mingi ku nyumba. Mi naijua na magoti.

Mashini ikaandika: mbili, tatu, jumlisha, ine.

Nikangoja.

"Imeisha?"

"Imeisha, papa."

"Na mara?"

Profesa akatoa miwani. "Imebakia mu pile. Hakuiandikia mashini kama namba zikiisha, itoe zenye zimebakia. Ni kosa ya wengi, papa. Alisahau."

Hakusahau. Hii naandika juu profesa sikumuambia. Ku nyumba yeye hakusema hata mara moja toa za mwisho. Mi njo nilikuwa nampa. Mikono yangu ilimaliza peke yake, juu ya njaa, na juu napenda kumaliza kazi ya mutu kabla hajaniomba. Aliandika yote yenye alikuwa ananiambia. Yenye hakuniambia, haiko.

Profesa akasogeza kiti. "Naongeza mistari mbili, papa. Mbili tu. Inatembea, juri ya mutihani inaona, anapata diplome yake. Hakuna mutu atajua."

Vidole vyake vilikuwa juu ya mashini. Nilishika mukono yake. Niko muzee mais mukono yangu ilipakia kamyo.

"Acha."

"Papa, na kosa hii juri inaweza kukataa."

"Bakatae. Hii ni mukono yake. Ukiongeza, ni mukono yako."

"Ni juu yake nasema, papa! Ni jina yake itabakia nje!"

"Jina yake mi ninaibeba."

Tulibishana paka groupe ikazima kwa kukosa mafuta. Alisema niko kichwa nguvu kupita mujukuu. Nilisema hiyo umeona muzuri. Kisha akalia, mutu muzima, mu giza ya mashini. Mi sikulia. Mutu akisema nililia ni bongo, ni uongo.

Tulifikia hivi: atapeleka mbele ya juri vile iko, na atasimama aeleze kwa mudomo yake kosa iko wapi. Nilikubali. Kusema inafaa. Kuandika hapana.

Siku ya ine, tarehe 28

Nimerudi Butembo na kamyo ya Kakule. Ku Kalunguta alipunguza mwendo, akatoa kofia, mi nikatoa yangu. Kisha akaongeza. Simuchukie tena kama mbele. Imebakia kidogo, nayo ni ya kwangu.

Siku ya ine, tarehe 5 mwezi wa saba

Masika alileta bugali. Aliikala na miye, hakusema kitu, na huyu mwanamuke kunyamaza ni kazi. Aliosha kila kitu akaenda.

Namukosa Kahindo. Naandika vile juu ku mudomo haitoke.

Siku ya tano, tarehe 27

Profesa Ilunga alishuka leo na kamyo za kundi. Hakupita kwa mutu mbele ya kufika kwangu. Aliikala fasi ya kivuli, akakunywa chai mbili, njo akasema.

Juri ilibishana. Mumoja alisema programu yenye haimalize si programu. Ilunga akasimama, akaeleza. Mwisho balikubali. Amepita. Satisfaction, hapana distinction, ile ya juu. Nilisema nilikuwa nataka distinction. Akasema hata yeye.

Diplome itatoka kama stempu itapatikana, sijue lini. Nitangoja. Kungoja najua.

Aliniuliza kama angaliongeza ile mistari mbili, leo ningelala muzuri zaidi. Niliwaza sana. Nikamwambia sijue. Hiyo ni mara ya kwanza nasema sijue mbele ya mutu ya shule.

Mvua imeanguka Vuhovi, batu banapanda. Kesho nitaenda kuona shamba yetu kule, kama mugongo inakubali.

Mwenye atasema nimejenga maneno, aulize. Kakule dereva yuko, mu kiwanja ya kamyo, mutu yeyote atakuonyesha. Profesa Ilunga yuko Beni. Masika yuko hapa ku kando, ukuta mumoja. Mais Masika umuulize polepole. Bado analia haraka.