Waya wangu umerudi mfukoni

We, hutaamini shemeji kanifanyia nini!

Si unaujua ule waya wa dijitali nilioulehemu mwenyewe, wa kuunga kile kidude changu cha muziki na spika? Ule ulioniunguza vidole? Asubuhi ya sherehe shemeji aliucheka: "Huo si wa kuanikia nguo?" Wake wa dukani haukuingia hata kwenye tundu, ikabidi tuchomeke wangu.

Haya. Sherehe ya baba ya kustaafu, muziki safi, wageni wanasifu. Shemeji akashika maiki: "Waya nimeutengeneza mwenyewe."

MWENYEWE! Na mimi nipo hapo hapo!

Nikazunguka nyuma ya spika, nikauchomoa, nikautia mfukoni. Muziki ukakatika.

Akanijia jasho linamtoka: "Shemeji, nisitiri."

Nikamwambia, "Si fundi ni wewe? Tengeneza mwingine, wageni wanasubiri."