Siku Bibi Kabula Alipomwamkia Mussa

Kirumba, Mwanza

Mama yangu mpenzi,

Usishtuke kuona barua imeanza bila shikamoo. Adabu sijaisahau. Shikamoo yako ipo, nimeiweka mwisho kwa makusudi, na ukisoma bila kuruka mistari utajua kwa nini. Habari za hapo Tukuyu? Mvua imekuacha ukapumua? Goti lako je? Na usinijibu "sijambo" tu, maana sijambo yako naijua, hata ukiwa na homa ni hiyo hiyo.

Mimi, Neema na baba yake ni wazima. Dagaa wangu wananunulika pale soko la Mwaloni, na leo nina furaha mpaka kalamu inatangulia maneno. Naandika kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Unasema salio linaisha, na anayepiga ni mimi!

Unamkumbuka Bibi Kabula, yule mjane wa Kisukuma anayekaa peke yake juu yetu mlimani, katikati ya mawe mawili makubwa? Korona ilipoingia tuliacha kupeana mikono, na kwa wazee tuliogopa kuingia tusije tukawapelekea ugonjwa. Ndipo Mussa, jirani yetu wa bodaboda, akaanza kusimama juu ya jiwe lililo mbele ya mlango wa Bibi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. "Bibi, shikamooo!" Bibi akiitikia "Marahaba!" kutoka ndani, Mussa anateremka. Asipoitikia, Mussa haondoki. Tukaiga wote kwa wazee wetu. Asubuhi mlima mzima ukawa kelele, huyu anaita huku, yule anaitikia kule, ungedhani kuna mnada.

Korona ikapungua na binadamu tulivyo, tukaacha karibu kila kitu. Barakoa tukatupa. Ile ndoo yangu ya koki niliyokuwa najivunia, sasa Neema anaogea kwayo. Lakini shikamoo ya juu ya jiwe haikufa. Nadhani wazee wenyewe walikataa ife. Ukichelewa kidogo tu, Bibi Kabula anachungulia: "Leo mmeshanizika?"

Sasa sikia. Juzi asubuhi Mussa kaja kwangu anacheka, kashika mbavu.

"Mama Neema, leo makubwa! Bibi kaniamkia mimi!"

"Kakuamkiaje?"

"Nimesema shikamoo, na yeye kasema shikamoo. Nikarudia, akarudia. Basi na mimi nikaitikia, marahaba mjukuu wangu!"

Nikacheka, mama, sikufichi. Nilikuwa napepeta dagaa. Halafu nikausimamisha ungo. Bibi Kabula? Yule ambaye ukimwamkia mkono uko mfukoni anakurudisha uanze upya? Huyo ndiye akosee salamu?

"Mussa," nikamwambia, "huyo si Bibi tunayemjua. Twende!"

Nikatupa ungo, dagaa wakamwagika, kuku wa jirani wakapata sikukuu yao, nasi tukapanda mawe kama mbuzi.

Tulimkuta ameketi kitandani, jasho linamtiririka, macho hayatutambui, anasema shikamoo, shikamoo, kwa kila anayeingia. Pikipiki haifiki kule juu. Tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki, tukamfunga kwa kanga asidondoke, wanaume wanne wakamteremsha jiwe kwa jiwe mpaka kwenye bajaji. Niliogopa, mama. Njia nzima nilimshika mkono nikawa namwita tu.

Hospitali walisema sukari imeshuka vibaya. Alikunywa dawa zake za kisukari akalala bila kula. Wakamtundikia dripu. Baada ya muda macho yakarudi, akatutazama mmoja mmoja. Mussa akainama, machozi yanamlenga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," akasema. "We Mussa, ndo umekuja hospitali peku?"

Kweli bwana, viatu alikuwa ameviacha mlimani! Wodi nzima ilicheka, na mimi nikalia humo humo ndani ya kicheko. Daktari alituambia tungechelewa kidogo asingeamka. Jana karudi nyumbani, na leo asubuhi marahaba yake imesikika mpaka barabarani.

Mama, watu wanauliza korona ilituachia nini zaidi ya makaburi. Mimi nina jibu langu. Ilitufundisha kwamba kujuliana hali ni kazi na ina zamu, kama kuchota maji. Zamani shikamoo tulikuwa tunaitupa njiani na kupita zetu. Siku hizi tunasimama tukangoja jibu, tena tunalisikiliza limekaaje.

Sasa nafika kwako, na usikunje uso. Masika yaliyopita ulilala na homa siku kadhaa, hakuna aliyejua, mpaka Mama Lugano jirani yako alipoona jikoni kwako hakutoki moshi. Mimi mwanao nikaambiwa ukiwa umeshapona, eti hukutaka kunisumbua. Nimempigia Mama Lugano nikamwomba awe anakuita kila asubuhi kutoka mpakani kwenye migomba. Kakubali. Lakini kaniambia siku ya kwanza tu ulimfukuza, ukasema wewe si kuku wa kuhesabiwa asubuhi!

Mama, mimi niko huku ziwani. Nikitoka hapa leo, kwako sifiki leo. Usiku nikikufikiria peke yako katika nyumba ile, usingizi unanikimbia. Sikuombi uhame, wala sikuombi uache shamba. Nakuomba neno moja kila asubuhi.

Nisalimie kaka Anyitike, mwambie barua yake nilipata na ndevu kwenye picha hazimpendezi. Msalimie shangazi wa sokoni, na mwinjilisti wetu anayeniombea. Dereva wa lori la ndizi aliyekuletea barua hii ana mfuko wa dagaa. Nusu ni wa Mama Lugano. Ndiyo, ni hongo.

Na sasa nimefika mlangoni kwako.

Mama, shikamoo.

Siondoki. Jibu langu mpe Mama Lugano kesho asubuhi, kwa sauti.

Mwanao anayengoja,
Atupele