Vyombo vya Babu Rewi

Wellington, 2 Aprili

Shangazi Ngaire,

Hamjambo huko Tokomaru? Goti lako limepona? Mimi mzima. Kazi imenibana, kwenye sherehe ya kufunua jiwe la kaburi la Babu sitafika. Ila nawatumia programu ya kuonyesha picha zake kwenye skrini, kila moja na majina chini. Nimeiandika kwa Python, ile lugha ya kompyuta, kwa raha zangu tu. Sehemu kubwa nimeichota kwenye maktaba yangu ya zamani, vile vipande vya programu nilivyoandika nikiwa shule, maana kila nikianza kitu kipya huvitumia tena. Nyinyi bonyezeni tu, itakwenda yenyewe.

Mwanao, Tipene

Wellington, 14 Aprili

Shangazi,

Natumaini hamjambo. Kaka Rewi kanipigia. Anasema picha ya Babu ilipotokea, mbele ya ukoo mzima, chini yake pakaandikwa: "Rewi, vyombo havijioshi, mvivu wewe."

Nimeona aibu kweli. Ule ulikuwa utani wa kumchokoza kaka, enzi zile akikwepa jikoni. Niliuficha ndani ya maktaba: jina Rewi likipita, maneno yatoke. Nikausahau. Wala sikukumbuka kwamba jina lile ni la Babu kwanza. Nimeshaufuta. Niombee radhi kwa Bibi.

Mwanao, Tipene

Wellington, 30 Aprili

Shangazi,

Goti linaendeleaje? Hujajibu, na sikulaumu. Acha niseme lililobaki. Kazi haikunibana. Siku ile nilikuwa nyumbani, nachezea programu hiyo hiyo, nabadilisha rangi za maandishi, na nilikuwa na raha. Niliogopa kuja kulia mbele ya watu.

Tipene

Tokomaru, 9 Mei

Mwanangu Tipene,

Wote hapa wanakusalimu. Goti bado linauma, siku ile nilisimama mno. Jikoni tulikuwa wachache.

Bibi yako aliyasoma yale maneno, akacheka mpaka tukamshika. "Nani kamwambia Tipene?" akauliza. Babu yako hakugusa sahani maisha yake yote. Tukacheka naye, tukalia naye. Ungelia tu, nani angekuona?

Kisha akauliza, "Tipene yuko wapi?" Rewi akatoka jikoni, mikono ina povu tangu asubuhi, akamwambia uko kazini. Nikainamisha kichwa, maana nakufahamu, nilihisi si kweli.

Yale maneno yarudishe, Bibi anayataka. Badilisha jina tu, safari hii aliyekwepa jikoni si Rewi.

Shangazi yako, Ngaire