Shamsa Alivyomtafsiria Baba Yake

Beatha, uko wapi? Shika simu! Shamsa kaumbuka leo mbele ya kijiji kizima.

Si unajua amekuja na profesa wake na wanafunzi anaosoma nao sera za umma huko Ujerumani? Wameitisha mkutano pale shuleni, Shamsa ndiye mkalimani. Baba yake kakaa mbele na kanzu yake ya Idi, kila anayepita anamwambia, "Yule ni wangu."

Profesa akasema msitu unakwisha, mashamba yote ya ukingoni yaondolewe. Shamsa akatafsiri. Mzee akanyoosha mkono. "Mwanangu, muulize mgeni, wazo hilo ni la nani?"

Profesa akatabasamu, akamshika Shamsa bega, akajibu kwa Kiingereza.

Shamsa akainamisha kichwa, hatafsiri. Watu wanamtazama.

"Tafsiri, mwanangu."

Akatafsiri. "Amesema ni langu, baba. Niliandika darasani. Sikujua kama wangelileta huku."

"Na shamba letu limo?"

"Limo, baba."

Mzee hakugomba. Bora angegomba! Alivaa kofia yake akatoka, Shamsa akamkimbilia, profesa akabaki anatuuliza sisi kumetokea nini.

Nimewafuata, niko nao huku shambani. Mzee anang'oa miche ya kabichi kwa mikono, na kanzu ile ile. Shamsa kapiga magoti nyuma yake kwenye tope, analia, anairudishia udongoni. Baba anang'oa, yeye anapanda.

Njoo Beatha, mimi sijui nimshike nani.