Bibi Hatolewi Kwenye Diski

Jumamosi, mwezi wa saba. Manyunyu tangu asubuhi, Mlima Meru umejifunika mawingu wote, na mimi nina hasira.

Napiga video za sherehe, na hapa Arusha hakuna sherehe ndogo. Wiki iliyopita ilikuwa send-off ya Neema, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ukumbini Njiro. Kabla ya ukumbi nilimfuata kijijini Kikwe, kwa bibi yake mzaa baba, ambaye miguu imemkatalia safari. Bibi alimbariki jikoni, pembeni ya moto, kwa Kimeru. Mimi ni Mmachame, Kimeru nakisikia nusu, na hiyo nusu ilitosha kunitoa machozi. Mwishoni akamtemea mate kidogo viganjani, kama wazee wa kule wanavyobariki. Kisha akanigeukia mimi na kamera yangu.

"Mwanangu, na mimi nitaonekana humo?"

Nikamwambia, "Utaonekana, bibi."

Neema anaolewa Dar. Kikwe atakuwa anafika Krismasi, Mungu akipenda.

Ukumbini sasa. Majirani, kwaya, wafanyakazi wenzake, wakwe, kila kundi lilikwenda mbele likicheza na zawadi yake. Ukimkata mtu mmoja kwenye foleni ya zawadi, atakununia mpaka siku ya mazishi yako. Kwa hiyo sikati. Nimebaki na picha za saa nne na ushee.

Leo asubuhi akaja Baba Glory, mwenyekiti wa kamati ya sherehe. Nikamwamkia, akaitika, akakaa bila kuvua koti. Anataka yote yaingie kwenye diski moja. Zikiwa mbili, anasema, watu wanaazimana halafu moja inapotea.

"Kwani mashine si inabana yenyewe?"

Inabana, ndiyo. Lakini nafasi ya diski ni ileile, na kila sekunde ya picha inagawiwa humo. Sekunde zikizidi, kila moja inapata kidogo, kama maziwa ya familia kubwa, unaongeza maji tu. Nilikuwa nimeshatengeneza jaribio, nikamwonyesha. Ukumbini kwenye taa kali watu walitambulika, ingawa wakicheza walimeguka vipande. Jikoni, kwenye giza na moshi, uso wa bibi ulikuwa miraba mitupu. Macho hayakuwepo kabisa.

Baba Glory akakubali kwamba ni mbaya. Nikadhani nimeshinda.

"Basi toa hiyo ya bibi," akasema. "Kwenyewe giza, Kimeru wakwe hawakijui, na hayo mambo ya mate, dada yangu, watatuonaje?"

Nikasema, "Nimekusikia, baba." Sikulelewa kujibizana na watu wazima.

Kusikia si kutii.

Niseme ukweli, naogopa. Huyu mzee anakaa kwenye kamati nyingi kuliko mchungaji. Akitangaza kwamba dada wa kamera ni mkaidi, simu yangu italala. Lakini nilipoitazama tena ile miraba, niliona aibu kuliko woga. Bibi wa watu aliniuliza swali moja tu.

Kwa hiyo diski mbili. Nimeiamuru programu ipitie picha mara mbili, kwanza kuchunguza, pili kubana, ili sehemu ngumu zipewe nafasi zaidi. Jikoni kwa bibi nimeweka ubora wa juu kabisa ambao hizi deki zetu za Kichina zinaweza kusoma bila kukwama. Kompyuta imenguruma mchana kutwa. Umeme haukukatika, na mimi hilo nalihesabu kuwa ishara.

Likabaki swali moja. Nikimweka bibi kwenye diski yake, hiyo ndiyo itakayopotea. Nawajua watu wangu. Hakuna anayeazima video ya send-off ili amwone bibi wa mwenzake. Anajitafuta mwenyewe, alivyocheza na blanketi lake la zawadi mpaka mbele.

Basi nimemweka bibi kwenye diski yenye foleni ya zawadi. Mwanzoni kabisa.

Halafu nikafanya kitu ambacho sijawahi kumfanyia mteja. Unazijua zile filamu za nje zinazoanza na onyo, unabonyeza uliruke, deki inakataa mpaka onyo liishe? Programu yangu nayo ina hicho kipengele. Nimekiweka kwenye sehemu ya bibi, tangu moto wa jikoni mpaka mate ya baraka. Bonyeza kuruka, deki inakataa. Bonyeza kupeleka mbele, inakataa.

Nimeshazichoma zote mbili, na diski hizi zikishachomwa hazifutiki. Nimezijaribu kwenye televisheni yangu ndogo. Macho ya bibi yapo, na moto unaonekana ndani yake.

Jumatatu Baba Glory atazichukua. Atawakusanya watu sebuleni, atashika rimoti, atabonyeza, atabonyeza tena, ataipiga kiganjani akidhani betri zimekwisha.

Betri ni nzima, baba. Kaa, umsikilize bibi mpaka amalize.