Kiwanja cha Ndege Kimeuzwa kwa Mwandiko Wangu

Kijiji cha Mwabusalu,
S.L.P. 61,
Kahama.
9 Septemba 2024

Mpendwa Shangazi Anisia,

Shikamoo. Habari za Mtwara? Mgongo umepata nafuu? Sisi tu wazima. Pamba tumeshauza, ila ng'ombe wamekonda kwa kukosa majani. Babu Jilala anakohoa kidogo, lakini bado ananishinda kutembea.

Shangazi, nakuandikia nikiwa na hasira. Jumatatu iliyopita greda liliingia kwenye kiwanja chetu cha ndege na kuchimbua njia yote. Lami imefika, watu wa mjini wanahamia huku, basi wanataka kujenga fremu za maduka na kituo cha mafuta.

Unaijua kazi ya Babu: akisikia ndege ya madaktari, anakimbia na fimbo kuondoa ng'ombe njiani. Safari hii alisimama mbele ya greda. Maganga, mfanyabiashara mwenye mradi huo, akamcheka: "Mzee, ndege yako inakuja mara moja kwa mwezi. Duka linafunguliwa kila siku!" Babu akamjibu: "Na hilo duka litamtoa mjukuu wangu vyuma mguuni?"

Hilo ndilo linaloniuma. Mdogo wangu Luka alipasuliwa mguu mwezi Machi, na vyuma vinatakiwa kutolewa Novemba. Madaktari wamepiga simu hospitali ya misheni kwamba hawaji, kwa kuwa hawana pa kutua. Luka anauliza kila asubuhi ndege itakuja lini. Sijui nimwambie nini.

Kibaya zaidi, mkono wangu umo. Mwezi Julai kulikuwa na mkutano wa kisima. Mwenyekiti wa kijiji akaniita: "Binti, una mwandiko mzuri. Waandikie wazee mahudhurio." Niliandika majina mia moja na kumi na mawili, na wasiojua kusoma wakabonyeza dole gumba. Juu ya karatasi paliachwa wazi, nami sikuuliza. Sasa karatasi hiyohiyo imebandikwa ofisini, na pale juu pamechapwa kwamba hao ndio waliokubali kiwanja kiondolewe! Jina la Babu ni la tatu.

Nililia sana. Babu hakunigombeza. Alisema tu, "Futa machozi, lete karatasi nyingine."

Kwa hiyo nimeandika malalamiko, kichwa cha habari kwanza. Ninapita nyumba kwa nyumba, ninamsomea kila mtu kwa Kiswahili na Kisukuma kabla hajaweka dole. Mama Rhoda alinitaka nisome mara tatu. "Soma tena, polepole," alisema. "Dole langu limeshauzwa mara moja." Tumefika sitini na wanne. Wilayani watatusikiliza tarehe 27.

Shangazi, wewe ulibebwa na ndege kutoka kiwanja hiki Edson alipokaa vibaya tumboni. Tafadhali andika ilivyokuwa, kwa mkono wako, na utie sahihi. Dereva wa greda mwenyewe ameniambia udongo unashindilika tena, ila zege likishamwagwa, basi. Bado hawajamwaga. Kila nikitoka shuleni napita kuangalia.

Msalimie Baba Edson, Edson na Esta. Mama anakusalimu sana, na Luka anasema yeye anakusalimu zaidi yake. Mungu akutunze, na aifikishe barua yako kabla ya zege.

Mwanao anayekupenda,
Noela