Pikapu Yako Imerudi Isebania, Tata

Tata,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ningeanzaje maneno na wewe bila kukuamkia?

Ni mimi, binti yako Bhoke. Nimekaa mlangoni kwa mama, kaburi lako naliona kutoka hapa. Nyasi zimeshalifunika. Baba mdogo Mwita anasema tutalijengea mahindi yakiuzwa. Nimekuja kukueleza habari za pikapu yako, kwa sababu watu wote wamekwisha kuieleza wanavyotaka wao, na wewe mwenyewe hujaambiwa.

Tata, gari limeondoka. Tumelirudisha Kenya.

Usikasirike kwanza. Nisikilize.

Unakumbuka siku ulipolileta? Mama alikuwa bado hajazoea kulala tu. Tangu ule mkokoteni wa ng'ombe umwangushe pale mtoni na mgongo kuvunjika, alikuwa hajatoka nje ya boma hili. Wewe ukaacha kazi yako ya udereva kule Kericho, Kenya, miaka yote ile, ukasema unarudi Gorong'a moja kwa moja. Tulisikia honi kabla hatujakuona. Ukashuka, hukutusalimia hata sisi. Ulikwenda kufungua mlango wa kushoto, ukavuta kile kiti, nacho kikazunguka chote na kutoka nje, kikalala kama kitanda. Ulikichomelea mwenyewe. Ukamwita mama kwa sauti kubwa, "Mke wangu, nimekuletea miguu!" Mama alilia mpaka tukaogopa.

Siku hiyohiyo ulimpeleka sokoni. Hakuwa na la kununua. Alitaka tu kuona watu.

Baada ya hapo ulimpeleka kliniki Tarime, ukampeleka kwao Ringwani kwa bibi, na njiani ulikuwa unamsimulia kila mti kana kwamba yeye ni mgeni wa nchi hii. Namba za gari zilikuwa bado za Kenya. Uliniambia usiwe na wasiwasi, Bhoke, mimi ni mkazi ninayerudi nyumbani, sheria inaniruhusu kuingiza gari langu bila kulipia ushuru, ni karatasi tu zinasubiriwa. Ulikuwa na kibali cha muda cha forodha, na kila kilipokaribia kuisha ulikwenda mpakani Sirari kukiongeza. Ulizichukia zile namba. Ulisema gari la Mkurya wa Gorong'a haliwezi kukaa uwanjani na jina la ugenini kifuani.

Halafu presha ikapanda asubuhi ile ukiwa unanyoa ndevu. Siandiki zaidi hapo. Siwezi.

Kibali kiliisha tukiwa matangani. Nani angekumbuka, Tata? Watu wamejaa uwanjani, mama hawezi hata kuketi amlilie mume wake. Wiki hizo hakuna aliyefikiria karatasi. Siku mama alipotakiwa kliniki, baba mdogo Mwita akashika usukani. Hatukufika. Doria ilitusimamisha kabla ya kuingia mjini, wakatazama namba, wakaomba kibali. Mwenye gari yuko wapi? Baba mdogo akajibu, "Yuko kaburini." Yule askari alivua kofia, nakuambia ukweli, aliivua. Lakini gari walilichukua hadi yadi ya forodha Sirari. Mama tulimshusha, tukamlaza kwenye kanga chini ya kivuli cha duka la mtu, tukasubiri msaada. Watu walikuwa wanapita wanatazama. Aliuficha uso wake kwa mkono siku nzima.

Nikaanza kwenda Sirari. Nilimpata wakala wa forodha, Zuhura, yule mwanamke mwenye kibanda cha bluu karibu na wabadilisha fedha, ambaye wazazi wake walitoka Tanga. Alikufahamu. Alisema, "Mzee wa kiti cha kuzunguka! Maskini mzee wangu." Akanieleza taratibu: gari liko kwa jina la marehemu, kwa hiyo hakuna wa kulizungumzia mpaka mahakama imtambue msimamizi wa mirathi. Na msimamizi anapendekezwa na ukoo.

Hapo niliogopa, Tata. Unawajua ndugu zako. Nilidhani watasema mtoto wa kike ana nini na mali ya ukoo. Kikao kikakaa hapa uwanjani, na mzee mmoja kweli akaanza, kwamba gari liuzwe tugawane, kwamba mama yetu huyu ni wa kitandani, atalifanyia nini. Baba mdogo Mwita akasimama. Yeye ambaye mlikuwa hamsemezani kwa sababu ya ule mpaka wa shamba. Alisema, "Gari lile kaka yangu hakumnunulia mtu anayetembea. Anayetembea asilitaje." Akaketi. Wakamteua mama, na mimi niwe mkono wake. Nilimtazama baba mdogo nikatamani ungekuwepo umsikie.

Mahakama ya Mwanzo wakabandika tangazo, tukasubiri kama kuna mwenye pingamizi. Hakuwepo. Karani aliyekuja na wino hapa nyumbani alimpigisha mama dole gumba akiwa amelala vilevile. Mama alikishika kile cheti, akanusa wino, akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu uondoke. Akaniambia, "Mwanangu, kalete miguu yangu."

Nikaenda na Zuhura tukiwa na kila kitu. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani. Ofisa alikuwa kijana mpole, alisoma karatasi zote bila haraka, halafu akavua miwani. Nilijua hapohapo. Akasema, "Dada, pole sana. Msamaha wa ushuru ulikuwa wa baba yako mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anahamia. Maombi yake hayakuwa yamekamilika. Msamaha haurithiwi." Nikamwambia gari limerithiwa. Akasema, "Gari, ndiyo. Msamaha, hapana." Bila msamaha ni ushuru kamili, na kwa umri wa lile gari, ushuru unapita bei yake. Ama tulipe, ama tulitoe nje ya nchi, ama likae pale hadi lipigwe mnada.

Niliuliza swali la kijinga, Tata. Niliuliza, sasa mama yangu atakwendaje? Yule kijana akatazama mezani. Si kazi yake kujua. Lakini nilitaka mtu mmoja, popote pale, awe na kazi ya kujua.

Zuhura alinishika mkono mpaka nje. Kule nje malori yamepanga foleni, watu wanavuka na matenga ya nyanya, huku shilingi, kule shilingi, na mimi nimesimama katikati sijui nitamwambia nini mama. Nilikaa kwenye kibanda chake hadi akafunga.

Nilipofika nyumbani sikupata hata nafasi ya kusema. Simu ilikuwa imetoka Ringwani. Bibi hali chakula tena, na anamwita mama kwa jina la utotoni.

Mama hakuniuliza habari za gari. Alisema tu, "Nipeleke kwa mama yangu." Nikamwambia gari halitoki. "Nipeleke." Nikamwambia mama, mgongo wako haukunjiki, hakuna kiti cha basi utakachokikalia. "Bhoke. Sikuulizi kwa gari gani."

Nilirudi Sirari kesho yake nikaomba watuachie pikapu kwa safari hiyo moja tu, askari wao aje nasi kama hawatuamini. Niliomba kwa magoti. Ndiyo, nilipiga magoti kwenye saruji ile, mtoto wako. Waliniinua kwa heshima wakasema gari lisilo na kibali haliwezi kutembea barabarani. Heshima yao iliniuma kuliko wangenifukuza.

Aliyetupeleka ni Msukuma mmoja anaitwa Masanja, dereva wa fuso linalobeba mawe ya wachimba dhahabu. Nilimsimamisha barabarani bila kumjua. Alisema, "Mama yako ni mama yangu, ila fuso hili linarusha kama ng'ombe mwenye wazimu." Tukatandika magunia ya pumba, juu yake godoro, juu yake mama, na baba mdogo akakaa amemshikilia kiunoni njia nzima. Masanja alikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Tulipovuka daraja la Mto Mara nilimsikia mama anaomba. Kila shimo lilimtoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Alikuwa anauma upindo wa kanga. Nilimwambia turudi. Akatikisa kichwa.

Tulimkuta bibi anapumua. Haoni tena, Tata. Tulimlaza mama kwenye kitanda kilekile, ubavu kwa ubavu, na bibi akampapasa uso, masikio, akafika kwenye lile kovu la kidevuni alilopata akiwa mtoto. Akasema, "Umechelewa, lakini ni wewe." Wakalala hivyo, wamegusana vipaji vya uso. Siku tulizokaa pale bibi alikunywa uji kwa mkono wa mama peke yake. Alfajiri moja mama aliniita taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha wengine, akasema, "Amekwisha." Alikuwa bado amemshika.

Kwa hiyo mama alifika. Nataka ulijue hilo kabla sijakuambia mengine.

Mengine ni kwamba safari ile ilimfungua mgongo. Kile kidonda cha kulala sana kilichokuwa kimepona kimerudi, tena kikubwa. Mganga wa zahanati anakuja, anasafisha, anasema inabidi apelekwe hospitali ya Tarime mara kwa mara. Anasema hivyo kama mtu anayesema kachoteni maji. Natoka nje najifanya natafuta kuni.

Forodha wakatuma taarifa ya mwisho. Baadhi ya ndugu wakasema acheni lipigwe mnada, tumechoka. Mimi nilikataa. Sikutaka mtu asiyekujua anyanyue mkono na kulitajia bei huku anacheka. Zuhura akatushughulikia kibali cha kulitoa nchini, bila kutudai ujira wake. Baba mdogo aliendesha. Mimi nilikaa kwenye kiti cha mama. Ni mwendo mfupi sana, Tata, kutoka yadi hadi kwenye kizuizi cha upande wa pili. Wewe ulichukua maisha yote kulileta huku, sisi tukalirudisha kabla injini haijapata moto.

Ofisa wa Kenya akazunguka gari, akagonga namba kwa kalamu yake, akatabasamu. "Hii ni yetu. Karibuni, imerudi home." Hakumaanisha ubaya. Baba mdogo alilaza kichwa kwenye usukani, akalia mbele ya madereva wote wa malori. Nami nilifikiri: wewe uliyezaliwa Gorong'a ulihitaji karatasi ili urudi kwenu, na gari limepokelewa kwa tabasamu.

Tumeliacha hapohapo ng'ambo ya mpaka kwa rafiki yako wa Isebania, fundi Otieno, ambaye mlikuwa naye Kericho. Amelifunika turubai. Amesema hataliuza mpaka tumwambie, na kwamba vyuma vya kile kiti ni kazi ya mtu aliyependa.

Sasa Tata, nimebaki na nini cha kukuambia? Nimeacha cherehani niliyokuwa nashonea watu nguo mjini, nimehamia hapa nyumbani. Kuna usiku natamani kukulaumu, kwamba ulifanya haraka kufa. Kisha namwona mama ananitazama, najirudi.

Kukuahidi gari siwezi. Siwezi hata kukuahidi kwamba kidonda kitapona. Masanja amesema akipita Tarime bila mzigo atatuchukua, nasi tumekubali, hatuna lingine. Nitakachokuahidi ni hiki: mama hatalala siku hata moja bila kuuona uwanja wake, hata kama itanibidi kung'oa mlango huu na kumbebea juu yake. Na mimi sitamwacha niolewe mbali, wala nitafute kazi ng'ambo ya pili ya mpaka, maadamu anapumua.

Lala salama, Tata. Umekwisha kufika nyumbani, hakuna atakayekudai kibali tena.

Mama anaita. Naenda kumgeuza.

Mwanao,
Bhoke